Usipoziba Ufa: Uchaguzi wa Meya wa Kampala na Zamu ya Mlinzi



Katika mazungumzo yetu ya leo tunakusudia kuukumbusha uchaguzi mmoja ambao historia yake ni fupi lakini mafunzo yake ni marefu. Ni uchaguzi wa Meya Mkuu wa Jiji la Kampala, ulioanza asubuhi ya tarehe 23 Februari 2011 na kufutwa siku hiyo hiyo. Huenda msikilizaji aliye huku magharibi, kilomita zipatazo 270 kutoka Kampala, akauliza: habari za meya wa jiji lile zinamhusu nini konstebo wa Isingiro au koplo wa kambi ya Makenke? Swali hilo ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu kabla ya kuendelea.

Zinamhusu kwa sababu tatu. Kwanza, tangu tarehe 1 Julai 2020 Mbarara nayo imekuwa jiji, ina meya wake na madiwani wake, na lililoifika Kampala jana laweza kuifika Mbarara kesho. Pili, kila mahali panapopigwa kura, mtu aliye karibu zaidi na sanduku, ukiwaacha wasimamizi na mawakala wa wagombea, ni askari mwenye sare. Tatu, nchi hii imekwisha kulipa gharama ya uchaguzi uliobishaniwa, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ililipwa na watu wa Ankole pamoja na vijana waliobeba silaha. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tutatazama ufa mmoja ambao haukuzibwa, na mwingine uliozibwa upesi, halafu msikilizaji apime mwenyewe.

Meya ni kiongozi wa namna gani? Hana jeshi, hana mahakama, wala hana hazina ya nchi. Kazi yake na ya baraza lake ni taka na mifereji, masoko na vibanda, barabara za mitaa, viwanja vya kuegesha magari ya abiria, ada za leseni na kodi ya majengo. Hata hivyo, mambo hayo ndiyo yanayomgusa mwananchi kila asubuhi anapotoka mlangoni kwake. Mama anayeuza ndizi hamjui waziri wa fedha, lakini anamjua vyema mtoza ushuru wa soko. Kwa sababu hiyo, kiti cha meya wa jiji kubwa hugombaniwa kwa ukali, na atakayekikalia bila ridhaa ya wakazi atapata taabu kuutawala hata mtaa mmoja.

Kampala ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, wakati wa mkoloni. Miaka 10 ilipita kabla ya Mwafrika kuvaa mkufu wa umeya, nao ulivaliwa na Serwano Kulubya mwaka 1959. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru, Kampala ikawa jiji. Wananchi wengi walitumaini kwamba tangu hapo mambo ya mji yangeamuliwa na wenye mji kwa njia ya kura. Tumaini hilo halikudumu. Katiba ya mwaka 1967 iliziondoa falme, ikiwemo ya Omugabe wa Ankole ambaye ikulu yake ilikuwa hapa Kamukuzi, na sheria za utawala wa wilaya zilizofuata ziliyakusanya mamlaka mengi mikononi mwa serikali kuu. Kisha tarehe 25 Januari 1971 jeshi lilitwaa madaraka, na kura ikanyamaza kwa karibu miaka 10.

Katika miaka hiyo sare ya askari ilibadilika maana machoni pa raia. Tarehe 17 Septemba 1972 wapinzani wa utawala wa Idi Amin waliokuwa Tanzania walivuka mpaka na kuzishambulia Mbarara na Masaka. Mashambulizi hayo yalishindwa. Kilichofuata kilikuwa kisasi juu ya watu ambao wengi wao hawakushika hata fimbo. Huko Masaka, Francis Walugembe, aliyekuwa meya wa mji huo, alikamatwa na kuuawa kikatili na askari. Tunalitaja jina lake kwa heshima na kwa makusudi. Huyu alikuwa kiongozi wa mji, mtu wa masoko na mifereji, na mikono iliyomwua ilikuwa imekula kiapo cha kuwalinda raia. Askari anayetaka kujua kwa nini wazee wengine hapa Ankole na kule Buganda bado hushtuka waonapo gari la jeshi karibu na kituo cha kura, na aanzie hapo.

Vita vya mwaka 1979 viliuondoa utawala huo. Mbarara yenyewe ilitekwa mwezi Februari mwaka huo, na majengo mengi ya mji yakabomolewa. Basi mwezi Desemba 1980, Uganda ilipokwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza tangu kabla ya uhuru, watu walipanga foleni kwa hamu kubwa, wengine wakiwa wamesimama tangu alfajiri. Hapo ndipo ufa wa kwanza ulipotokea.

Kura zilipigwa tarehe 10 na 11 Desemba. Wakati hesabu ikiendelea, Paulo Muwanga, Mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyokuwa ikitawala, alitoa tangazo la kujipa yeye peke yake mamlaka ya kutangaza matokeo, na kwamba uamuzi wake usingehojiwa na mahakama yoyote. Chama cha UPC kikatangazwa mshindi. Chama cha DP hakikukubali, na chama cha UPM vilevile kikasema kura zimeibwa. Msikilizaji atambue vizuri jambo lililokuwa la hatari zaidi katika siku hizo. Ubishi juu ya kura hutokea katika kila nchi, na wala si ajabu. Hatari ilikuwa kwamba mlango wa mahakama ulifungwa, na aliyeufunga alikuwa mwenye bunduki. Mtu mwenye malalamiko akiukuta mlango wa hakimu umefungwa, hatakosa kutafuta mlango mwingine.

Mlango huo mwingine ulipatikana upesi. Tarehe 6 Februari 1981, hata miezi miwili haijapita, kikundi kidogo cha watu wakiongozwa na Yoweri Museveni, aliyekuwa amegombea kwa tiketi ya UPM, kilikishambulia chuo cha kijeshi cha Kabamba kikiwa na bunduki 27. Vita vikawaka kwa miaka mitano. Eneo la Luwero likajaa makaburi. Hapa kwetu, mwezi Oktoba 1982, wenyeji wengi wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao na vijana wa chama tawala pamoja na maofisa wa dola, ng'ombe wao wakachukuliwa, nyumba zao zikachomwa. Makumi kwa maelfu walikimbia, wengine kuvuka mpaka na wengine kuingia katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Vita hivyo havikwisha mpaka tarehe 26 Januari 1986, Kampala ilipotekwa. Askari wangapi walizikwa katika miaka hiyo mitano, wa upande huu na wa upande ule, bila kaka yao kujua kaburi lilipo? Ufa wa Desemba 1980 ungezibwa kwa hukumu ya mahakama na uchaguzi mwingine katika majimbo yenye ubishi. Haukuzibwa, na nchi ikalazimika kujenga ukuta mzima upya.

Baada ya mwaka 1986 uchaguzi ulirudi kuanzia chini. Mabaraza ya vijiji yalichaguliwa kwa wapiga kura kupanga mstari nyuma ya wagombea, hadharani, kila mtu akimwona mwenzake. Katiba ya mwaka 1995 ikaweka kura ya siri kuwa ndiyo njia ya uchaguzi wa umma. Ikaagiza vilevile kwamba kura zihesabiwe mara tu baada ya kituo kufungwa, pale pale zilipopigwa, mbele ya wagombea au mawakala wao, na kwamba msimamizi na mawakala hao watie sahihi fomu ya matokeo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikafungua njia ya kuchagua viongozi wa miji na wilaya. Kampala ikamchagua Nasser Ntege Ssebaggala mwaka 1998, John Ssebaana Kizito mwaka 1999, na Ssebaggala tena mwaka 2006. Wote wawili hawakuwa watu wa chama kilichokuwa kikitawala nchi. Jiji kuu likawa na desturi ya kuchagua upinzani, na serikali kuu ikawa na desturi ya kulitazama jiji kwa wasiwasi.

Wasiwasi huo una historia yake ya kisheria. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalisema kwamba Kampala itaendeshwa na serikali kuu. Sheria ya mwaka 2010 ikaunda Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, iliyoanza kazi mwaka 2011. Katika mpango huo palikuwa na viti viwili vikubwa: Meya Mkuu aliyechaguliwa na wakazi, na Mkurugenzi Mtendaji aliyeteuliwa na Rais. Fedha na watumishi vilikuwa upande wa Mkurugenzi, na ridhaa ya wapiga kura ilikuwa upande wa Meya. Mjenzi yeyote angeweza kutabiri kwamba nyumba yenye nguzo mbili zinazosukumana itapasuka ukuta.

Uchaguzi wa kwanza chini ya mpango huo ndio ule wa tarehe 23 Februari 2011, siku tano baada ya uchaguzi wa Rais na Wabunge. Wagombea walikuwa kadhaa, lakini wawili ndio waliokuwa mbele: wakili Erias Lukwago, aliyekuwa Mbunge wa Kampala ya Kati, na Peter Sematimba wa chama tawala cha NRM. Vituo vilifunguliwa, watu wakapanga foleni. Desturi ya sheria ni kwamba sanduku lifunguliwe na kuonyeshwa tupu mbele ya wapiga kura wa mwanzo, ndipo lifungwe kwa lakiri. Katika vituo kadhaa wapiga kura walikuta masanduku yana karatasi ndani yake kabla mtu hajapiga kura, karatasi zilizokwisha kutiwa alama. Zogo likaanza. Masanduku yakapinduliwa, karatasi zikatawanywa barabarani, na waandishi wa habari kadhaa wakapigwa na kuumizwa.

Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Mhandisi Badru Kiggundu, alikuwa na njia mbili mbele yake. Angeweza kusema kwamba dosari ni chache, uchaguzi uendelee na mwenye malalamiko aende mahakamani. Au angeweza kukiri hadharani kwamba zoezi limeharibika. Siku hiyo hiyo alichagua njia ya pili, akaufuta uchaguzi wa Kampala. Lilikuwa jambo la aibu kwa Tume, wala hatulifichi. Masanduku hayajijazi yenyewe, na nchi ilistahili kuwaona wahalifu wakifikishwa mahakamani. Lakini aibu ya siku moja ilikuwa nafuu mno kuliko maafa ya miaka mitano.

Uchaguzi ukarudiwa tarehe 14 Machi 2011. Siku hiyo wakazi walikuja macho wazi, mawakala wakayachungulia masanduku, hesabu ikafanyika vituoni. Erias Lukwago alishinda kwa wingi mkubwa wa kura, akatangazwa Meya Mkuu. Risasi haikuhitajika. Mgombea wa chama kilichokuwa na serikali, na jeshi, na polisi, alikuwa ameshindwa katika jiji kuu la nchi, na asubuhi iliyofuata masoko yalifunguliwa kama kawaida.

Ndugu wasikilizaji, tukikomea hapo tutakuwa tumesimulia nusu tu, na nusu inayopendeza. Kura iliyopigwa vizuri haimalizi ubishi iwapo mshindi hapewi nafasi ya kufanya kazi. Tangu miezi ya mwanzo Meya Mkuu na uongozi wa Mamlaka ya Jiji waligombana juu ya mikutano, bajeti, na mamlaka ya nani yanaishia wapi. Mwaka 2013 jopo la uchunguzi chini ya Jaji Catherine Bamugemereire lilimwona Meya ana makosa ya kujibu. Tarehe 25 Novemba 2013 madiwani wakakutana katika jumba la jiji, Waziri aliyehusika akiwa kitini, kupiga kura ya kumwondoa. Asubuhi hiyo wakili wa Meya alifika na amri ya Mahakama Kuu ya kusimamisha shughuli hiyo. Wakili alizuiwa na kupigwa, amri haikupokelewa, na mkutano ukaendelea. Kura zikawa 29 za kumwondoa dhidi ya 3 za kumbakiza.

Hatukusudii kumhukumu Meya wala madiwani waliompinga, kwa kuwa hoja za kila upande zilikwisha kufikishwa mbele ya majaji. Tunaomba msikilizaji alitazame jambo moja tu, nalo ni ile karatasi ya mahakama mlangoni. Askari wa lindo hakuwa ametakiwa kuamua kama Meya ana kosa au hana. Alitakiwa jambo rahisi zaidi: amri ya jaji ipite na imfikie aliyeandikiwa. Haikupita. Matokeo yake ni kwamba kilichokusudiwa kumaliza mgogoro kiliuongeza. Mwezi Machi 2014 Mahakama Kuu iliamuru Meya arejee kazini, kisha Mahakama ya Rufani ikaisimamisha amri hiyo, na ofisi ya Meya wa jiji kuu ikabaki katika mabishano mpaka muhula ulipokwisha. Wakazi wakatoa jibu lao kwa njia waliyoijua. Mwaka 2016 walimchagua Lukwago tena, na mwaka 2021 mara ya tatu. Kumbe mlango uliofungwa siku ile haukumwondoa mtu, uliahirisha tu uamuzi wa wapiga kura.

Jambo la karatasi ya mahakama lilizuka pia kwa jirani zetu, na inafaa tulitazame kidogo. Jijini Dar es Salaam meya wa jiji huchaguliwa na madiwani na wabunge, wala si na wakazi wote. Baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015 vyama vya upinzani vilijikuta na wingi wa wajumbe katika jiji hilo, na uchaguzi wa meya ukaahirishwa mara kwa mara. Tarehe 27 Februari 2016 wajumbe walikusanyika katika ukumbi wa Karimjee, wakasomewa waraka uliodaiwa kuwa zuio la mahakama. Waraka huo ulibishaniwa vikali, ukumbi ukavurugika, na polisi wakaingia. Hata hivyo, tarehe 22 Machi 2016 wajumbe walikutana tena, wakahesabiana, na Isaya Mwita wa upinzani akapata kura 84 dhidi ya 67 za mgombea wa CCM. Kule Kampala amri ya mahakama ilizuiwa mlangoni, na Dar es Salaam waraka uliobishaniwa ulitumiwa kuzuia kura. Tofauti ya visa hivi ni kubwa, lakini funzo kwa mlinzi ni moja: karatasi ya mahakama ni jambo la kuthibitishwa kwa msajili na kuheshimiwa. Haifai kuchanwa, na haifai kupungwa hewani kama bendera ya upande mmoja.

Sasa turudi huku kwetu. Kutoka Ruharo ukishika njia ya Isingiro utafika Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na ambayo baadaye yalipokea Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Askari waliowahi kupangiwa kazi huko wanayajua mengi kuliko sisi tunaozungumza redioni. Mwezi Aprili 2015 nchini Burundi ulizuka ubishi juu ya Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Maandamano yakafuata, kisha jaribio la mapinduzi mwezi Mei, kisha risasi za usiku katika mitaa ya Bujumbura. Katika muda wa mwaka mmoja watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekwisha kuikimbia nchi yao. Wengi zaidi walikwenda Tanzania, na maelfu walifika Nakivale wakiwa na watoto mgongoni na godoro kichwani.

Konstebo aliyepanga foleni ya watu hao siku ya kuandikishwa aliiona kwa macho yake bei ya uchaguzi uliokosa mwamuzi anayeaminiwa. Mwalimu akawa mwombaji wa mahindi. Mwenye duka akawa mpiga tofali. Na si raia tu waliokimbia, kwa maana jeshi la Burundi lenyewe liligawanyika, na waliokuwa wamelala bweni moja wakawindana. Hilo ni jambo ambalo kila askari anapaswa kulifikiri kwa makini. Vikosi vinapochukua upande katika kura, ufa hauishii mitaani. Huingia kambini, ukapita katikati ya bweni, ukawatenganisha waliokula sahani moja.

Ajabu ni kwamba watu hao hao wa Nakivale, ambao hawana kura katika uchaguzi wa Uganda, wana uchaguzi wao mdogo. Huchagua wenyeviti na wajumbe wa mabaraza ya ustawi wa wakimbizi, tangu ngazi ya kijiji hadi ngazi ya makazi yote. Humo wamo Mkongo, Mrundi na Msomali, na lugha inayowapatanisha mara nyingi ni hiki Kiswahili tunachozungumza. Mtu aliyepoteza nchi kwa sababu ya kura iliyoharibiwa bado anakubali kupanga foleni na kumchagua mwenyekiti wa kijiji chake. Ikiwa yeye hajaikatia tamaa kura, sisi tuna udhuru gani?

Basi wajibu wa askari siku ya uchaguzi ni upi? Katiba imeueleza bila kificho. Ibara ya 208 inasema kwamba Jeshi la Ulinzi la Wananchi halitakuwa na upande wa siasa, litakuwa la kitaifa, lenye nidhamu, na chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 211 inataka Polisi iwe ya kitaifa, yenye uzalendo, ujuzi na nidhamu. Si maneno ya mapambo. Katika kesi ya uchaguzi wa Rais ya mwaka 2006, Mahakama ya Juu ilikataa kuufuta uchaguzi kwa majaji 4 dhidi ya 3, lakini katika uamuzi huo huo ilieleza masikitiko yake kwamba vikosi vya usalama viliendelea kujihusisha na uchaguzi, na kwamba palikuwa na vitisho na unyanyasaji wenye upendeleo. Mtu akiambiwa hivyo na mahakama kuu kuliko zote nchini, hapaswi kukasirika. Anapaswa kujitazama.

Askari naye ni raia, na sheria imempa kura. Anapoingia kupiga kura yake, ana haki ya kumpenda amtakaye, na kura yake ni moja kama ya mama muuza ndizi. Anapotoka na kuichukua zamu yake, mapenzi hayo yabaki ndani ya sanduku. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba sanduku lililoonyeshwa tupu asubuhi halijazwi na mtu mwingine yeyote ila wapiga kura. Kazi yake ni kuona kwamba wakala wa aliyeshindwa anabaki salama mpaka sahihi ya mwisho, sawasawa na wakala wa aliyeshinda. Akiona gari linashusha masanduku mahali pasipostahili, aandike katika kitabu cha matukio: saa, namba ya gari, jina la aliyekuwamo. Maandishi hayo machache, yaliyoandikwa na konstebo mwaminifu, yaweza kuwa ushahidi utakaoiokoa nchi na vita.

Huenda mmoja wenu akasema moyoni: sisi hufuata amri tu. Tunakubali kwamba nidhamu ndiyo roho ya jeshi, na askari asiyetii ni hatari kwa wenzake. Lakini nidhamu ya askari ni utii wa amri halali. Sheria inakataza mtu kuja na silaha karibu na kituo cha kura isipokuwa ameitwa na mamlaka halali, na hakuna cheo chochote kinachoweza kuihalalisha kazi ya kujaza sanduku. Waliowaua raia mwaka 1972 nao walisema wametumwa. Aliyewatuma alimaliza maisha yake ugenini, na waliotumwa wengi wao walibaki kujibu peke yao.

Ndugu wasikilizaji, Kampala ilipata mambo mawili katika miaka michache. Mwaka 2011 kosa lilionekana, likakiriwa, uchaguzi ukarudiwa, na mji ukatulia. Mwaka 2013 amri ya mahakama ilizuiwa mlangoni, na mzozo ukadumu miaka. Kabla ya hayo, mwaka 1980, nchi nzima ilikuwa imeona mlango wa haki ukifungwa kabisa, na ikalipa kwa damu. Katika visa vyote vitatu palikuwa na askari aliyesimama mahali fulani, karibu na sanduku au karibu na mlango, na alilolitenda au asilolitenda lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani asubuhi ile alipovaa sare yake.

Mbarara ni jiji changa. Itachagua mameya wengi, wengine wazuri na wengine wa kawaida, na baadhi ya chaguzi hizo hazitakosa kubishaniwa. Ubishi tusiuogope. Wenye kubishana na wapewe meza ya kubishania, wahesabu wa kuhesabu upya, na jaji wa kuamua. Mlinzi na asimame nje ya mlango huo, akiutazama barabara, ili anayekuja na karatasi yake apite, na anayekuja na fimbo azuiwe.

Tunawatakia zamu njema. Kwaherini.